Mwaka wa Tumbo la Bi Saada

Nilifika Dodoma nikiwa juu ya mbao. Lori lilitoka Makambako alfajiri, na kwa kuwa dereva alikuwa ameshawauzia wengine nafasi za mbele, mimi na kichwa cha cherehani yangu tulipandishwa juu ya mzigo, nikakaa nimekikumbatia ndani ya blanketi kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali. Iringa tulipita mchana. Baada ya hapo, wakati ule, lami ilikwisha, ikabaki njia ya mawe na vumbi, tukawa tunateremka na kuteremka mpaka baridi ya kwetu ikatuacha na joto likaanza kutupuliza usoni. Mtera gurudumu lilipasuka, tukalala pale. Tulikula samaki wa bwawani kwa ugali uliopoa, na mama aliyetuuzia aliniuliza naenda kwa nani Dodoma. Nikamwambia siendi kwa mtu. Akanitazama, halafu akaniongezea kipande cha samaki. Nilikuwa kijana, nina cheti cha kidato cha nne ambacho hakijawahi kunipa kazi, na nilikuwa nimeshaishi na kuihama miji kadhaa. Tangu hapo nimehama mingine mingi. Haya nayaandika Kahama, katika chumba ambacho sidhani kama kitaniona mwakani. Lakini nikisema neno nyumbani bila kufikiri, kinachonijia ni ua wa nyumba moja ya Chang'ombe, mjini Dodoma, nilimoishi mwaka mmoja tu.

Wiki iliyopita simu iliita, namba nisiyoijua. "Dada fundi," sauti ikasema, na kwa jina hilo tu nikajua ni Rukia, maana hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. "Mama hatunaye. Tumemzika juzi." Nikampa pole, nikauliza aliugua nini. Presha, akasema, alianguka jikoni. Nilisikia vyombo vikioshwa nyuma yake, wanawake wakizungumza, na mtu akiuliza sufuria kubwa iko wapi. Nilingoja aniulize jambo moja, na nadhani naye alingoja nimwambie. Halafu muda wa simu ukamwishia. Sikumpigia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikishona nguo za watu nikiwa kule, katika mwaka ule, chumba kwa chumba.

Chumba changu kilikuwa cha kwanza kushoto ukiingia uani, kimepakwa chokaa ya bluu mpaka usawa wa kifua. Mwenye nyumba alikuwa Bi Saada, mjane, mtu wa ukoo wa mjini wa siku nyingi, wale ambao babu zao walifika na misafara ya wafanyabiashara wakabaki. Alikuwa mrefu na mwembamba kiasi kwamba dera lilimning'inia kama liko kwenye henga. Marehemu mumewe alimwachia mashine ya kukamua alizeti kule Nzuguni, na Bi Saada aliiendesha mwenyewe. Alizeti nyingine aliifuata mpaka Kibakwe, akarudi ananuka vumbi na mafuta. Rukia alikuwa mwanawe wa pekee, msichana mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu, ameshachumbiwa na kijana anayeitwa Shabani, na harusi ilipangwa baada ya Idi. Tulikula pamoja, watatu sisi, kwenye mkeka uani. Mchana ugali na mlenda, jioni chai na chapati, na Ijumaa pilau ambalo Bi Saada hakumruhusu mtu mwingine kuligusa. Alipakua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukunyanyuka kupita bega.

Kisa cha bega nilikisikia vipande vipande, kwanza kwa Rukia. Kabla sijafika Dodoma, Bi Saada alivamiwa jioni akifunga mashine. Vijana wawili waliofunga nyuso walimkata panga wakachukua mauzo. Hayo yangeweza kumpata yeyote. Lililomharibia maisha ni kwamba mmoja wao, akiondoka, aligeuka akamwambia, "Bi Saada, tutarudi." Alimwita jina. Polisi waliuliza, waliandika, wakaondoka. Kuanzia siku hiyo kila kijana aliyemwamkia shikamoo njiani alimwitikia marahaba huku akiisikiliza sauti.

Asubuhi moja, Rukia akiwa sokoni, Bi Saada aliniita chumbani kwake akafunga mlango kwa komeo. Nikadhani anataka kunipandishia kodi. "Wewe ulifika Dodoma mwezi gani?" akaniuliza. Nikasema wa pili. "Mimi nilikatwa mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo wewe hukuwamo. Katika mji huu wote nina uhakika na wewe tu." Akafungua kabati, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha meza, akakifungua juu ya kitanda. Ilikuwa bastola ndogo nyeusi. Alikuwa ameiombea kibali kwa njia zote za halali, ofisi baada ya ofisi, bila kumwambia mtu, akafundishwa na kuipiga mbele ya askari mpaka wakaridhika.

"Sasa sijui pa kuiweka," akasema. "Afande aliyenifundisha ananiambia, 'Mama, unachomeka tu hapa.' Namuuliza, hapa wapi, baba? Yeye ana suruali ana mkanda. Mimi nina kanga. Akacheka. Akaniambia basi weka kwenye mkoba."

Mkoba ulikuwa wa kwanza kushindwa. Alijaribu siku moja tu. Alipofika Nzuguni, kijana wa mashine alimkimbilia, "Shikamoo Bi Saada, lete nikupokee," na kabla hajafikiri mkono ulikuwa umeshautoa mkoba, kama mkono wa mwanamke yeyote wa makamo unavyofanya akipokewa na kijana mwenye adabu. Kijana akautundika kwenye msumari, akaenda kumwaga maji. Bi Saada alikaa akiuangalia ule msumari mpaka akapata kisingizio cha kuuchukua. Alirudi nyumbani makwapa yamelowa. Kukataa kupokewa hakuweza, watu wangemwona ana majivuno. Na wifi yake, Mwajuma, dada wa marehemu, alikuwa na tabia ya kuuchokonoa mkoba wake akitafuta karafuu.

Kwa wiki nzima tulifunga komeo na kujaribu. Tuliifunga kwenye paja kwa lastiki. Akatembea hatua chache, ikateremka mpaka gotini, akasimama katikati ya chumba ametanua miguu, tukacheka hadi akakaa sakafuni. Halafu akakumbuka choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kicheko kikaisha. Tuliiweka kifuani, ambako wanawake wote wa mji ule waliweka noti zao. Akasema, "Nitakumbatiwa msibani, mtu atajiuliza huyu ana ubavu wa nje." Tuliifutika kwenye kanga kiunoni, kama bibi zake walivyofutika kila kitu chao cha siri, lakini chuma ni kizito, kila akiinama kanga ililegea. Ubavuni kulia mkono wake haukufika. Nyuma ya kiuno hakuweza kukalia mkeka wala kusujudu bila kuonekana. Niliona siku zile jinsi mwili wa mwanamke wa kwetu ulivyo mali ya watu: unakumbatiwa, unashikwa kiuno kwenye ngoma, unalaliwa na watoto, unasaidiwa kufungwa kanga na yeyote aliyekaa karibu. Hakuna kona yake ambayo hakuna mkono unaopita.

Palipobaki ni tumboni, mbele, kidogo kushoto, mahali ambapo mkono wake mzima ungefika. Nilimshonea mkanda mpana wa turubai laini na lastiki, una vifungo vya kukaza, na mfuko wenye ngozi ngumu kufunika pale pa kufyatulia, maana askari alimwonya hapo pasiguswe na kitu chochote. Kisha nikapasua mshono wa pembeni wa madera yake yote na kuuficha ndani ya pindo, ili mkono uingie. Alisimama mbele ya kioo, akageuka huku na huku. Akatembea, akachuchumaa, akasali rakaa mbili. "Haionekani," akasema. Na kweli haikuonekana. Akanishika uso kwa mikono miwili. "Usimwambie Rukia. Rukia akijua, Shabani atajua kabla chai haijapoa, na Shabani ana marafiki." Nikaapa. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilimsikia akikoroma.

Hatukufikiria upepo. Mtu aliyewahi kuishi Dodoma anajua ule wa katikati ya mwaka, unaoanza asubuhi na kuvuma kutwa, unaofungua milango na kuzibandika nguo mwilini. Bi Saada alikuwa akivuka uwanja wa shule upepo ukimjia kwa mbele, dera likamganda, na wanawake waliokuwa wakichambua mchele barazani wakaona mwanamke mwembamba kama ufito mwenye kitumbo cha duara. Jioni ile Mwajuma alikuja bila hodi. Alikuwa mwanamke mnene wa utani mzito, na wifi kwa wifi utani haukuwa na mpaka.

"Wifi, hicho nilichoambiwa umekimeza ni nini?"

"Upepo," Bi Saada akajibu.

"Upepo! Haya. Huo upepo una jina la baba?"

Tulicheka wote, hata Rukia. Siku kadhaa baadaye Mwajuma alimkuta Bi Saada anakula zabibu mbichi kwa chumvi, kitu alichokula miaka yote, na safari hii hakutania. Alizitazama zile zabibu, akamtazama wifi yake, akaaga mapema. Nilipokwenda dukani kununua uzi, muuzaji aliniuliza kwa upole kama mama mwenye nyumba wangu anaendeleaje na hali yake.

Nilimsihi Bi Saada aseme ukweli. Nilimwambia hata kwa Mwajuma peke yake. Bi Saada alikuwa anakanda unga wa chapati, na hakuacha kukanda. "Nikisema ni bastola, kesho mji mzima utajua, na yule aliyeniita jina atajua ilipo na namna ya kuiwahi. Watanikata safari hii kwa ajili ya hiyo hiyo. Nikinyamaza, ni mimba. Mimba haiibiwi." Nikamwambia lakini mume amekufa zaidi ya mwaka, watasema nini? "Watasema wanachosema sasa. Nataka nimwozeshe mwanangu nikiwa hai. Nikishamwozesha, waseme." Akakata donge, akalizungusha. Leo nina umri unaokaribia aliokuwa nao. Kila njia niliyoifikiria tangu hapo, katika kila mji, ina mahali inapomfikisha, na ni pale pale.

Kisha Ramadhani ikaingia. Bi Saada alifunga mwezi mzima, hakula hata siku moja. Mimi Mkristo sikuona ajabu, lakini wanawake waliona. Mwanamke ambaye hajafikia uzee huwa na siku zake za kula. Asiyekula hata moja, hedhi yake imekwenda wapi? Umri wake ulikuwa umeikata mapema, ndivyo alivyoniambia, na hilo nalo hakuona la kumtangazia mtu. Mwajuma alikuja na bakuli la tambi za kufuturu, akakaa naye chumbani, na kupitia ukuta nilimsikia akiongea kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Wifi yangu. Mimi sikuhukumu. Kaka yangu amekufa, na wewe ni mtu. Sema mapema tu, tukupeleke kwa watu wetu Kondoa, ujifungulie huko, mtoto tumlee." Nikasikia kijiko cha Bi Saada kikigonga bakuli. "Basi hata mimi unanificha?" Mwajuma akasema, na akaanza kulia, na nikasikia Bi Saada akimbembeleza yeye.

Mshenga wa kina Shabani alikuja siku chache kabla ya Idi. Alikuwa mzee msafi mwenye kofia iliyotariziwa kwa mkono, aliyejua kazi yake. Alikaa sebuleni akasifu kahawa, akaulizia mashine, akalalamikia ukame. Rukia na mimi tulisimama nyuma ya pazia la jikoni, yeye amenishika kidole.

"Wenyewe wamenituma kwa heshima kabisa," mzee akasema mwishoni. "Wanasema kijana bado hajajipanga."

"Hajajipanga," Bi Saada akarudia.

"Ndivyo walivyosema, mama. Posa wanairudisha mikononi mwako. Hawana neno na binti."

"Wana neno na nani?"

Mzee akakohoa. "Kahawa hii ina tangawizi nzuri sana," akasema.

Rukia aliniachia kidole. Alisubiri mzee atoke, akaenda akasimama mbele ya mama yake, bado ameshika kitambaa cha vyombo. "Mama, ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Usinifanye niseme."

Bi Saada alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono wake wa kushoto umelala juu ya tumbo, kama ulivyozoea kulala miezi ile, na nilitamani auondoe. "Mwanangu, niamini tu," akasema.

"Nikuamini nini? Hujaniambia kitu. Sema si kweli."

"Si kweli."

"Basi hiyo ni nini?"

Nilimwona anafungua kinywa. Nilimwona pia anatazama dirisha, ambalo lilikuwa wazi, na nje watu wakipita. Akakifumba. Rukia alichukua nguo zake akaenda kuishi kwa shangazi yake Mwajuma, mtaa wa pili. Idi tulikula pilau wawili, mimi na Bi Saada, na sufuria ilikuwa ile ile kubwa.

Baada ya Idi alivaa mkanda ule siku chache tu. Asubuhi moja alinikuta kwenye cherehani yangu. "Nilikuwa nataka nibaki hai nimwozeshe," akasema. "Sasa nabaki hai nifanye nini?" Akaondoka peke yake kwenda polisi kuirudisha bastola, akarudi na karatasi ya kuipokea, dera likimning'inia kama siku niliyomkuta. Mashine ya alizeti aliiuza. Hakuna aliyemvamia tena, wala hakuna aliyewahi kujulikana. Walioahidi kurudi hawakurudi. Mtaa mzima uliona kitumbo kimeondoka ghafla, na hakuna kitoto. Waliokuwa wakiniuliza hali yake kwa upole waliacha kuniuliza. Mwajuma, aliyekuwa tayari kulea mtoto wa aibu, hakukanyaga tena uani kwetu. Nilisikia mwanamke bombani akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bora angezaa tu," na mwenzake akajibu, "Sasa yuko wapi?"

Ndipo Bi Saada akamwita Rukia akamweleza yote, akamwonyesha karatasi. Rukia aliisoma, akaikunja, akaondoka. Mama yake akaniambia, "Mwambie wewe. Mimi haniamini."

Nilikuwa nimeshaamua kuondoka. Mji ulikuwa umenikaba, na wateja hawakupenda tena kuingia ule ua kupimwa nguo. Siku ya safari nilifunga kichwa cha cherehani ndani ya blanketi, nikamuaga Bi Saada aliyekuwa anapepeta mchele na hakusimama, nikapitia kwa Mwajuma. Rukia alitoka akanisindikiza mpaka yanapopakia malori ya Singida. Tuliweka mzigo chini ya kivuli cha ukuta, nami nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, mkoba, paja, kifua, upepo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada fundi," akasema, "kwamba alikuwa na bastola sikatai. Karatasi nimeiona. Lakini karatasi haisemi aliibeba wapi. Kwani mwenye bastola hashiki mimba?"

Nilikuwa nimeyatarajia mashaka yake, na ndiyo sababu niliuchukua ule mkanda. Nikautoa kwenye begi nikamwekea mapajani. Mfuko wa ngozi tulishaubandua, kwa kuwa Bi Saada alisema hataki kuuona. Ilibaki turubai, lastiki na vile vifungo vya kukazia. Rukia aliunyoosha juu ya magoti. Aliupima kwa macho. Akapitisha kidole kwenye lastiki, mahali ilipolegea kwa kuvaliwa siku nyingi, na uso wake ukabadilika, nikadhani ameelewa.

"Huu ndio uliomshonea?"

"Ndiyo huo. Nimeushona mwenyewe."

"Dada," akasema taratibu, "huu si mkanda wa kumfungia mzazi?"

Nikautazama mikononi mwake. Upana ule, mahali pa kukazia, turubai laini isiyoumiza ngozi. Nilikuwa nimeshawashonea wanawake wengine wa mtaa ule mikanda ya namna hiyo, ya kurudishia tumbo baada ya kujifungua, na sikuwa nimeushona huu kwa namna nyingine, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kufunga kitu kwenye tumbo la mwanamke. Nikaanza kusema mfuko ulikuwa hapa, tazama matundu ya sindano. Utingo akapiga bodi la lori kwa kiganja, akaita wa Singida. Rukia aliukunja mkanda vizuri, pindo kwa pindo, kama mtu aliyefundishwa kukunja nguo na mama yake, akaninyanyulia mzigo, akanisaidia kupanda. Kisha akanipa mkanda juu kwa juu, kwa mikono miwili.

"Chukua, dada," akasema. "Utakufaa ukizaa."